Nasuri ya uzazi: aibu haitoki pamoja na mpira wa mkojo

"Amerogwa." Au: alitoka nje ya ndoa, mimba imemlipizia. Katika yote yanayosemwa kuhusu mwanamke mwenye nasuri ya uzazi, yaani fistula, anayevuja mkojo baada ya kujifungua, hili ndilo linalotesa zaidi. Ukweli uko mwilini tu. Uchungu unapokwama siku mbili, tatu, kichwa cha mtoto hukandamiza nyama za njia ya uzazi kwenye mfupa wa nyonga. Damu haipiti, nyama hufa, na baada ya siku chache hubaki tundu kati ya kibofu na uke. Mkojo unatiririka usiku na mchana. Mara nyingi mtoto naye amefia tumboni. Kilichokosekana ni upasuaji wa kumtoa mapema. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanawake 50,000 hadi 100,000 hupatwa kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Ajabu ya laana hii, haifiki kwenye hospitali zenye chumba cha upasuaji.

"Asinywe maji, harufu itapungua." Hii wanaambizana wagonjwa wenyewe. Mtu ana msiba wa kuhudhuria, basi tangu alfajiri hagusi kikombe. Mkojo unakuwa mzito kama chai ya rangi, harufu inazidi, mapaja yanababuka. Anapaswa kunywa, tena sana. Nesi anayemwekea jagi kitandani na kumweleza hayo kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumzia mafua, ameshaanza kutibu aibu kabla ya daktari kushika mkasi.

"Matibabu ni ya wenye pesa." Hapana. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam hutibu fistula bila malipo, na mwaka 2009 ilianza kuwatumia wagonjwa nauli kwa M-Pesa.

"Akishonwa, yameisha." Hapa hata sisi tunaojiona tunajua hukosea. Mpira wa mkojo, unaotoa mkojo kibofuni wakati kidonda kinapona, hukaa kama wiki mbili, kisha hutolewa, na wengi huamka wakavu. Wachache bado huvuja kidogo wakikohoa au wakiinua ndoo, hata kama tundu limeziba, na si kwa uzembe wao. Lakini hata aliyekauka kabisa utamkuta analalia kanga iliyokunjwa mara nne na kuchagua kiti cha mlangoni. Mwenye hatia huomba msamaha. Mwenye aibu huomba ardhi ipasuke. Ndiyo maana kumwambia "Mungu atakusamehe" kunamuumiza: asamehewe nini, kuchelewa kwa gari la kumpeleka hospitali?

"Jikaze kisabuni, dada." Amejikaza miaka mingapi? Amezika mtoto, ameachwa, amefua vitambaa usiku watu wamelala. Ustahimilivu unaojengwa kwenye ushauri nasaha ni kitu kingine, na hauvutii sana kuutazama. Ni kupanga nani ataambiwa na nani hataambiwa. Ni kufanya mazoezi ya jibu, kwa sauti, pale pale kitandani, wifi akiuliza mbele ya watu, "Vipi, bado unavuja?" Ni kujua kwamba mimba ijayo atajifungulia hospitali, kwa upasuaji. Ni cherehani pia, au mtaji wa maandazi. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, ya Dkt. Denis Mukwege aliyepata Nobel ya Amani mwaka 2018, huunganisha upasuaji na wanasaikolojia, wanasheria na mafunzo ya kazi. Huko wapo waliopata nasuri kwa kubakwa, na aibu wanayoibeba ni ya mtu mwingine kabisa.

"Ili apone lazima asimulie yote." Si lazima. Kumlazimisha mtu arudie usiku ule wa uchungu kabla hajawa tayari ni kumchubua upya. Kazi ya mshauri ni kukaa karibu, bila kuziba pua na bila kutazama saa. Wapo wanaomaliza siku tatu wodini wakizungumzia bei ya mahindi tu. Basi tuzungumze mahindi.