"Itaingia Tu": Dhana Potofu Kuhusu Spea za Kujengea Pikipiki

Anayejenga pikipiki yake mwenyewe, iwe skrambla ya kupandia milima au kafe resa ya kuzungukia mjini jioni, huanza na picha. Picha humwonyesha umbo la tangi na kiti, lakini vipimo hamna. Akifika nayo Kirinyaga Road, Nairobi, au Gerezani pale Kariakoo, Dar es Salaam, muuzaji huitazama, hupapasa kwenye rafu, hushusha kitu kinachofanana na kusema, "Chukua hii, itaingia tu." Na mara nyingi huingia kweli. Mambo huharibika baadaye, kilomita mia mbili mbele, spea iliyoingia inapoanza kugombana na zile zilizo karibu nayo.

Ninaowafikiria hapa ni wale wanaoanza na pikipiki tunazoziona kila siku: za Kichina za cc 125 hadi 200 zenye injini ya mtindo wa Honda CG, Boxer, TVS HLX, au Suzuki GN125 ya zamani iliyolala stoo. Zinafaa sana kwa kazi hii, kwa sababu spea zake si ghali, zinapatikana hata miji midogo, na fundi yeyote anazijua. Lakini zimezungukwa na maneno ya mtaani ambayo yanakula pesa za vijana, na mengine yanaweza kumvunja mtu mguu.

"Injini ya CG ni CG, spea zote zinaingiliana"

Honda walitoa CG125 mwaka 1976. Kamshafti yake, yaani mhimili unaofungua valvu, haiko kwenye hedi, kichwa cha injini. Iko chini, ndani ya krankikesi, lile kasha la chini la injini, na fimbo mbili ndizo zinazosukuma roka, vipande vinavyobonyeza valvu kule juu. Waliitengeneza hivyo makusudi, ipate injini inayovumilia sevisi inayocheleweshwa. Viwanda vya China viliichukua, vikaikuza, na leo kuna za 125, 150, 200 na hata 250, zinazofanana kwa nje kiasi cha kumchanganya hata fundi mzoefu.

Dawa yake ni kusoma namba. Chovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, ufute tope ubavuni mwa krankikesi mpaka maandishi yaonekane. Utakuta kitu kama 156FMI, 162FMJ au 163FML, kisha namba ya injini yenyewe. Ile 1 ya mwanzo ni silinda moja. Tarakimu mbili zinazofuata ni kipenyo cha pistoni kwa milimita. F maana yake injini inapozwa kwa hewa, M ni pikipiki, na herufi ya mwisho ndiyo ukubwa: I ni 125, J ni 150, L ni 200. Anayekuuzia "silinda ya CG" bila kukuuliza namba hiyo anabahatisha kwa pesa yako.

Hata hivyo namba haimalizi kila kitu. 162FMJ inaweza kuwa ya fimbo, yaani mtindo wa CG, na inaweza kuwa ya cheni ya taiming yenye kamshafti juu, yaani mtindo wa CB. Zote zina pistoni ya 62 na ukubwa uleule, lakini hedi, silinda na gasketi zake haziingiliani. Fungua kifuniko cha valvu ujionee. Ukikuta kamshafti hapo juu, hiyo si CG. Boxer na HLX nazo ni za kamshafti juu, na hazifuati kabisa mpangilio huu wa namba za Kichina.

"Beringi ya Boxer lazima itoke kwenye duka la Boxer"

Dhana hii inamnyima mjenzi uhuru mkubwa. Namba iliyochongwa ubavuni mwa beringi ni ya dunia nzima. 6301 ina shimo la milimita 12, upana wa nje 37 na unene 12, iwe imetoka Japani, Sweden au China. Kinachotofautiana ni ubora wa chuma na uaminifu wa kiwanda.

Faida yake huonekana unapohamisha gurudumu kutoka pikipiki moja kwenda nyingine. Tuseme habu uliyoipenda, yaani kitovu cha gurudumu, ilitengenezwa kwa eksli ya milimita 10, na uma wako wa mbele unataka eksli ya 15. Wengi hapo huikimbiza habu kwa mchonga vyuma. Itazame kwanza beringi iliyomo. Ikiwa ni 6300, vipimo vyake ni shimo 10, nje 35, unene 11. Sasa ipo 6202: shimo 15, nje 35, unene 11. Inakaa mahali palepale bila habu kuguswa, na kitakachobaki ni kutengeneza bushi ya katikati inayolingana na eksli mpya. Ukinunua, chukua yenye herufi 2RS, maana ina mpira pande zote mbili wa kuzuia vumbi na maji. Herufi C3 humaanisha beringi yenye nafasi zaidi ndani, kwa ajili ya sehemu zenye joto kama ndani ya injini.

Vilevile bolti. Bolti yenye unene wa milimita 10 ya duka la vifaa vya ujenzi kwa kawaida ina uzi wa 1.5, yaani milimita 1.5 kati ya uzi mmoja na unaofuata, ilhali pikipiki za asili ya Kijapani hutumia sana uzi wa 1.25. Ukiilazimisha kwa spana, itaingia mizunguko miwili mitatu huku inakata uzi wa aluminiamu, na hapo umeharibu kipande cha bei kubwa kwa bolti ya bei ndogo.

"Toa sailensa na eakilina, nguvu zitaongezeka"

Hii ndiyo dhana ninayotamani ife kuliko zote. Mtu hukata bomba karibu na hedi, huweka kichungi kidogo cha wazi mdomoni mwa kabureta, hupiga stata, na mlio unamshawishi kwamba pikipiki imekuwa nyingine. Akifika kwenye mlima anashangaa inazidiwa na bodaboda iliyobeba magunia.

Kabureta hupima petroli kwa kutegemea mvuto wa hewa inayopita kooni mwake. Jeti zake, vile vitundu vinavyopitisha petroli, zilichaguliwa kiwandani kulingana na eakilina ile na bomba lile. Ukiondoa vizuizi vyote viwili, hewa inaingia kirahisi, mvuto unapungua, na petroli inayotoka haitoshi. Mchanganyiko unakuwa mkavu. Injini inachemka kupita kiasi, inapiga risasi ukiachia mafuta, bomba linageuka rangi ya bluu karibu na hedi, na pistoni inaanza kuumia. Bomba lenyewe si shimo la kutolea moshi tu. Urefu na upana wake husaidia kuvuta moshi uliochomwa na kukaribisha hewa mpya, hasa kwenye mizunguko ya chini na ya kati ambako pikipiki ndogo hufanya kazi siku nzima.

Ukitaka kubadilisha, badilisha kwa utaratibu. Jeti ndogo husimamia tangu injini inaponguruma yenyewe bila kuvuta mafuta hadi mkono wa mafuta ukifunguka robo, sindano husimamia katikati, na jeti kubwa husimamia kuanzia robo tatu hadi mwisho. Ongeza jeti hatua moja, endesha, zima injini ukiwa bado kwenye mwendo huo unaoupima, kisha fungua plagi. Kahawia ya ngozi ni nzuri. Nyeupe ni kavu, nyeusi yenye masizi ni petroli iliyozidi.

Kuna ndugu yake dhana hii, kwamba kabureta kubwa ni bora. Ukiifunga ya milimita 30 kwenye injini ya 125, hewa inapita polepole kwenye koo pana, mvuto unakosekana, na pikipiki inakohoa kila unapoondoka kwenye taa za barabarani. Na mahali unapoishi pana neno. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Kabureta iliyowekwa sawa pwani ikipandishwa huko hutoa petroli nyingi kuliko hewa inavyohitaji. Mwenzako wa Mbeya akikutajia namba ya jeti iliyomfaa, muulize kwanza yuko kimo gani kabla ya kununua.

"Tairi nene litapendeza, rimu itavumilia"

Sura ya skrambla inadai matairi ya vishungi, nami naipenda sura hiyo. Lakini tairi la 3.00-17 lina upana wa inchi 3, kama milimita 76, na hukaa vizuri kwenye rimu ya inchi 1.85. Ukilibandika la milimita 130 kwenye rimu hiyohiyo, rimu inalibana mabega, katikati panachongoka, na eneo linalogusa lami linapungua badala ya kuongezeka. Tairi la 130 linataka rimu ya inchi 2.5 kwenda juu. Halafu linasugua cheni upande mmoja na mkono wa nyuma unaoshika gurudumu upande wa pili.

Soma ubavu wa tairi wote. Namba 50 baada ya kipimo humaanisha linabeba hadi kilo 190, 47 ni kilo 175. Herufi J ni mwendo wa hadi kilomita 100 kwa saa, P ni 150. Tarakimu nne zilizofungiwa kwenye kijumba kidogo ni tarehe ya kuzaliwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ambalo michoro yake yote bado ipo lakini mpira umekauka kwa umri halishiki lami iliyoloa. Na likiandikwa halihitaji tyubu, kwenye rimu ya spoku za kawaida bado litahitaji.

"Shokapu ndefu nyuma haibadilishi kitu ila kimo"

Inabadilisha usukani. Chora mstari wa kufikirika unaopita katikati ya shingo ya usukani hadi ardhini. Mstari huo hugusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi la mbele linapogusa, na umbali huo mdogo ndio unaoifanya pikipiki inyooke yenyewe ukiwa mwendo kasi. Ukiinua nyuma kwa sentimita 4 kwenye pikipiki yenye mita 1.25 kati ya magurudumu, unaiinamisha karibu nyuzi 2, na umbali ule hupungua kwa zaidi ya sentimita moja. Mjini utafurahi inavyokata kona. Barabara kuu ukifika 90 usukani unaanza kutetemeka mikononi. Kushusha uma wa mbele huleta matokeo yaleyale, na kufanya yote mawili kwa pamoja, kama wengi wafanyavyo, sikushauri hata kidogo.

"Breki kubwa zaidi ndiyo salama zaidi"

Pampu ya breki ya usukani huandikwa kipenyo chake ubavuni, mara nyingi kwa sehemu za inchi: 1/2 au 5/8. Mtu huona 5/8 imetoka kwenye pikipiki kubwa, inang'aa, akaichukua. Kwa nguvu ileile ya vidole, pampu hiyo hutoa shinikizo dogo kwa karibu asilimia 36 kuliko ile ya 1/2. Mkono wa breki unakuwa mgumu kama jiwe na pikipiki haisimami. Kalipa, ile inayobana diski, ikiwa na pistoni ndogo inataka pampu ndogo. Mafuta ya breki ya DOT 3, 4 na 5.1 ni ya jamii moja, lakini DOT 5 ni ya silikoni, usiyachanganye na hayo kamwe.

"CDI ikiwa na soketi inayofanana, chomeka"

CDI ni kisanduku kinachoongoza cheche ya plagi. Zipo zinazokula umeme wa koili ya sumaku iliyomo kwenye injini, na zipo zinazokula umeme wa betri. Soketi zinaweza kufanana tundu kwa tundu. Ukikosea, bahati yako ikiwa njema cheche haitatoka, ikiwa mbaya CDI inaungua papo hapo. Fuata waya zinazotoka kwenye koili kwanza. Na anayetaka kuondoa betri ili chini ya kiti pabaki wazi ajue kwamba yenye CDI ya betri haitawaka kwa kiki hata akipiga hadi jioni.

Taa nazo: mbili za wati 55 zinavuta ampea 9 hivi, mzigo ambao koili za pikipiki ndogo hazikuumbiwa kuubeba huku zinachaji betri. Za LED huondoa tatizo hilo, ila indiketa nazo zikiwa za LED zitakimbia ovyo mpaka ubadilishe rilei iwe ya kielektroniki.

Cheni naigusa kwa haraka. Ya 420 na ya 428 zina hatua sawa, yaani umbali kati ya pini na pini, milimita 12.7, kwa hiyo macho yanadanganyika, lakini upana na rola zake ni tofauti. Cheni na sproketi zote mbili zibadilishwe pamoja. Kupunguza jino moja mbele ni sawa na kuongeza kama matatu nyuma: 15 kwa 42 ni 2.8, 14 kwa 42 na 15 kwa 45 zote ni 3.0. Utapata nguvu ya mlima na kupoteza kama asilimia 7 ya mwendo.

Kabla msumeno haujagusa fremu, tafuta namba ya chesisi, ambayo kwa pikipiki nyingi imepigwa kwenye shingo ya usukani. Mkia wa nyuma unaweza kukatwa na kuchomelewa upya na fundi anayejua kazi. Shingo na namba yake viachwe kama vilivyo. Ukibadilisha injini au rangi, taarifa ziende NTSA ukiwa Kenya au TRA ukiwa Tanzania, na risiti ya injini uliyonunua uitunze pamoja na kadi ya pikipiki.