Soli ya ndani ya kupimiwa haitengenezwi kwa namba ya kiatu

Wengi Mwanza hudhani soli ya ndani ya kupimiwa ni ile ile ya dukani, ila ghali. Sivyo. Mtaalamu wa fiziotherapia hukutazama kwanza ukitembea pekupeku, kisha hupima kifundo na kisigino. Ukungu wa plasta, yaani kalibu ya umbo la mguu wako, huchukuliwa mguu ukining'inia, kisigino kimenyooshwa. Ukichukuliwa umesimama, unyayo laini hulala, na soli hutoka bapa vilevile.

Nenda na viatu vya kazini. Toa soli ya zamani, la sivyo kisigino kitachomoka. Anza kuivaa kwa muda wa saa 1, ongeza saa 1 kila siku. Anayepanda vilima vya Mabatini aende taratibu zaidi. Ikichubua, irudishe isagwe, usiikate mwenyewe. Mwenye kisukari akague nyayo kila jioni, maana ganzi huficha kidonda.