Je, wajua kwa nini magoti hulegea ukiwa juu ya mnara?

Lifti ya Burj Khalifa, Dubai, inakufikisha ghorofa ya 124 kwa dakika moja hivi. Mlango ukifunguka wenzako wanakimbilia vioo, simu mkononi. Wewe umebaki umejibandika ukutani, viganja vimelowa jasho, magoti yamekuwa uji. Unajua fika kwamba kioo ni kizima na kwamba maelfu wamesimama pale pale wiki hii. Kujua huko hakukusaidii hata chembe. Kwa nini?

Wengi hujibu kwa neno moja: woga. Jibu hilo limekosea mahali pa kuanzia. Kabla moyo haujaenda mbio, macho na nyayo vimeshapishana kauli, na hofu inakuja kuukuta ugomvi huo ukiendelea. Ndiyo maana "jikaze tu" ni ushauri mbovu. Kujikaza ndiko hasa kunakoleta mtetemeko.

Anza na jaribio dogo la nyumbani. Simama wima jikoni, miguu pamoja, umetazama ukuta ulio hatua moja mbele yako. Tulia nusu dakika na usikilize nyayo zako. Uzito unaenda vidoleni, unarudi visiginoni, unahamia kushoto, unarejea. Mwili wa binadamu hausimami tuli hata siku moja. Ubongo unauzuia usianguke kwa kupokea habari kutoka sehemu tatu: nyayo na viungo, sikio la ndani, na macho. Macho hutambua kuyumba kwa kuona vitu vya karibu vikisogea. Ukiyumba sentimita 2 upande, kitu kilicho mita 1 mbele yako kinahama machoni kwa zaidi kidogo ya digrii 1. Hilo jicho linaliona bila shida. Kitu hicho kikiwa mita 20, kuyumba kule kule kunakihamisha kwa digrii 0.06 tu, na jicho halina habari.

Sasa simama ukingoni mwa mnara. Mbele yako hakuna ukuta, hakuna kabati, hakuna mti. Kilicho karibu zaidi kiko mamia ya mita chini. Sikio na nyayo zinaripoti kwamba tunayumba, macho yanasema hakuna kilichosogea. Thomas Brandt, daktari wa mishipa ya fahamu wa Munich, Ujerumani, aliyelichunguza jambo hili kwa miongo kadhaa, alieleza kwamba shida huanza pale kitu cha karibu kinapokuwa umbali wa takriban mita 3. Kizunguzungu hicho si ugonjwa. Ni mwili wenye afya uliokosa kitu cha kujipimia.

Kinachofuata ndicho kinachowachanganya watu. Ubongo ukikosa uhakika hukaza misuli ya mbele na ya nyuma ya mguu kwa wakati mmoja, mapaja na mashavu ya miguu pia. Mguu uliokazwa hivyo hauwezi tena kusahihisha kuyumba kidogo kidogo, kwa hiyo unatikisika upesi upesi kama nguzo iliyopigwa teke. Wewe unahisi magoti yamelegea. Kumbe hayajalegea hata kidogo: yamefungwa mno. Shingo nayo inakakamaa, macho yanaganda kwenye upeo wa mbali, na hapo umejinyima hata vile vitu vichache vya karibu ambavyo vingekusaidia.

Jambo jingine la kushangaza ni kwamba urefu wenyewe hauhesabiki sana baada ya hapo. Vipimo vya watafiti hao wa Munich vinaonyesha kwamba kukakamaa na kuyumba huongezeka haraka mwanzoni, kisha hufikia kikomo kwenye mita 20 hivi. Mita 20 ni jengo la ghorofa sita au saba. Kwa hiyo mtu anaweza kusimama kwa amani mita 452 juu ya Dubai, ndani ya chumba chenye fremu za chuma karibu na pua yake, kisha akashindwa kabisa kuvuka daraja la kamba lenye kina cha mita 25. Hajajipinga. Kule ana vitu vya karibu vya kutazama, huku hana.

Na hauko peke yako. Uchunguzi uliofanywa Ujerumani ulikuta watu wazima 28 katika kila 100 wamewahi kupata usumbufu huu maishani. Wenye hofu kali ya kuitwa ugonjwa, ile inayomfanya mtu akatae kazi au nyumba kwa sababu ya ghorofa, ni wachache zaidi sana.

Je, tunazaliwa nayo? Mwaka 1960 wanasaikolojia wa Marekani Eleanor Gibson na Richard Walk walichapisha jaribio lao la meza ya kioo. Upande mmoja, kitambaa cha mirabaraba kilikuwa kimebandikwa chini tu ya kioo. Upande wa pili kitambaa kilikuwa sakafuni, ikaonekana kama shimo. Watoto 36 wa miezi 6 hadi 14 waliwekwa katikati, mama zao wakiwaita. Waliotoka walikuwa 27, nao wote walitambaa upande wa salama angalau mara moja. Kati yao watatu tu ndio waliothubutu kuingia pia upande wa shimo. Majaribio ya baadaye yaliongeza jambo tamu: mtoto ambaye hajaanza kutambaa, akilazwa juu ya shimo lile, mapigo ya moyo wake hupungua, ishara ya mtu anayeshangaa. Aliyekwisha kuzoea kutambaa, mapigo hupanda. Tahadhari hiyo mtoto anaijenga kwa magoti yake mwenyewe.

Kuna wazo moja ambalo watu hulificha kwa aibu: ukiwa ukingoni linakupitia wazo la kuruka, ingawa maisha yako huna ugomvi nayo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida walilichunguza mwaka 2012, wakakuta ni la kawaida hata kwa watu ambao hawajawahi kufikiria kujiua. Maelezo yao ni kwamba mwili unakuvuta nyuma ghafla kwa kujilinda, halafu akili inatafuta sababu, inajidanganya: "nimerudi nyuma, basi lazima nilitaka kuruka." Wazo hilo likikufuata hadi nyumbani, hilo ni jambo tofauti, mwambie mtu wa karibu na daktari.

Tuingie kwenye vitendo, na tuchukue Mnara wa Eiffel, Paris, kwa sababu umegawanyika vizuri kwa mtu mwenye shida hii: ghorofa ya kwanza mita 57, ya pili mita 116 hivi, na ya juu kabisa mita 276. Usikate tiketi ya kileleni. Kata ya ngazi, inayoishia ghorofa ya pili. Ngazi ni 674. Wengi hudhani lifti ndiyo rahisi kwao, kumbe lifti inapanda mshazari ndani ya mguu wa mnara, ina vioo, inajaa watu, na ikishaondoka huna la kuamua. Kwenye ngazi kila hatua ni yako. Unaweza kusimama hatua ya 80 ukapumua, unaweza kurudi. Vyuma vya mnara viko pande zote, mita moja au mbili kutoka usoni, na hivyo ndivyo macho yanavyovitaka.

Ukifika ghorofa ya kwanza usiende moja kwa moja ukingoni. Simama hatua tatu au nne nyuma, miguu imeachana kwa upana wa mabega, magoti yamepinda kidogo. Jipe alama ya hofu kutoka 0 hadi 10. Ikiwa 7, baki hapo hapo mpaka ishuke kufikia 3 au 4, kisha songa hatua moja. Mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika 20, au hata 40. Hapa ndipo watu wanapoharibu: wanakimbilia ukingoni kwa pupa, hofu inafika 9, wanatoka mbio. Ubongo umejifunza kwamba mbio ndizo zilizowaokoa, na mnara unaofuata utakuwa mgumu kuliko huu. Ukiona lazima uondoke, rudi nyuma hatua mbili tu, subiri ishuke, ndipo uondoke.

Nguzo au chuma cha ukingo kiguse, usikikumbatie. Watafiti John Jeka na James Lackner wa Marekani walipima miaka ya 1990 wakakuta kwamba ncha ya kidole ikigusa kitu imara kwa nguvu isiyozidi uzito wa gramu 100, kama ndizi moja, mwili unayumba kidogo sana. Kidole hakikubebi, kinakupasha habari. Anayekikaba chuma kwa mikono miwili anakaza mabega, mgongo na mapaja, tunarudi kulekule kwenye nguzo iliyopigwa teke.

Macho yana adabu yake. Kabla ya kutazama mbali, hakikisha pembeni mwa jicho kuna kitu kisichosogea, kama nguzo, ukuta au bega la mwenzako aliyetulia. Halafu tazama upeo. Kutazama chini kuwe kwa mwisho na kwa ufupi, huku umeegemea. Usiinue kichwa kutazama kilele huku mawingu yakipita, mnara utaonekana unakuangukia. Darubini na kamera ni mtego. Ukitazama dunia kupitia kidirisha kidogo unakata habari zote za pembeni, kwa hiyo weka mgongo ukutani kwanza ndipo upige picha. Wanaovaa miwani ya lenzi mbili, juu ya kutazama mbali na chini ya kusomea, wajue sehemu ya chini ya lenzi inatia ukungu kwenye ngazi. Teremsha kidevu utazame kwa sehemu ya juu.

Pumzi: vuta kwa pua ukihesabu 4, toa polepole ukihesabu 6. Ukihema haraka unaitoa kaboni dayoksaidi nyingi mno, vidole vinaanza kufa ganzi na kichwa kinakuwa chepesi, nawe utadhani ni mnara kumbe ni mapafu. Na usinywe pombe ya kujitia ushujaa, inaharibu kazi ya sikio la ndani, ambalo muda huo ndilo shahidi wako bora.

Madaraja ya kamba yana kanuni nyingine. Mwache aliye mbele aende mita kadhaa, kwa sababu hatua zinazolingana hulitia daraja mdundo. Tembea kwa hatua fupi, magoti laini, macho kwenye nguzo ya ng'ambo ambayo haitikisiki. Usitazame maji yanayokwenda, yatakupa hisia kwamba ni wewe unayeteleza. Kwenye Table Mountain, Cape Town, kibanda cha kebo kinachobeba watu 65 kina sakafu inayozunguka polepole huku ukuta ukibaki palepale, kwa hiyo mwenye hofu anayeng'ang'ania chuma cha ukutani anavutwa mkono huku na miguu kule. Simama katikati, uguse bega la mwenzako.

Sakafu za kioo ndizo ngumu kuliko zote. Visanduku vya kioo vya Willis Tower, Chicago, vilivyofunguliwa 2009, vimechomoza nje ya ghorofa ya 103, mita 412 juu ya barabara. Mwaka 2014 wageni walikuwa wamesimama ndani wakaona nyufa zikitambaa chini ya miguu yao. Lililopasuka lilikuwa tabaka jembamba la juu, lililowekwa kukinga mikwaruzo. Vioo vya kubeba uzito vilivyo chini yake havikuguswa. Ikiwa unataka kujaribu, weka mguu mmoja kwenye kioo na mwingine kwenye sakafu ya kawaida, tazama mstari unaotenganisha sakafu hizo, uhamishe uzito kidogo kidogo. Kama hutaki, usijaribu. Ni kivutio cha kulipia, si mtihani wa taifa.

Ukiganda njiani, kaa chini. Kukaa kunapunguza kuyumba papo hapo. Tazama viatu vyako au kiganja chako kwa dakika moja, kisha uteremke upande wa ndani wa ngazi, macho kwenye kidato cha tatu mbele. Anayekusindikiza asikuvute mkono wala asikuchekeshe. Asimame upande wa ukingo, mahali ambapo wewe unaona shimo, awe ndiye ukuta wako.

Mazoezi yaanze kabla ya pasipoti. Aliye Nairobi anayo paa la jengo la mikutano la KICC, ghorofa 28. Aliye Arusha anayo njia ya vilele vya miti ya Ziwa Manyara, mita 370, ambayo haipandi kupita mita 18. Aliye Rwanda anayo Nyungwe, mita 160 za daraja juu ya msitu, nayo si ya kuanzia. Dawa hii ni ya zamani. Goethe, mwandishi wa Kijerumani, alipokuwa mwanafunzi Strasbourg miaka ya 1770 alipanda mnara wa kanisa kuu peke yake, akasimama juu mahali pembamba pasipo pa kushika, akarudia na kurudia mpaka hisia ile ikamchosha. Kurudia kwake kuige. Kusimama pasipo kizuizi usikuige kamwe.

Ikiwa kizunguzungu kinakupata hata kitandani unapogeuka, hapo mnara hauna kosa. Muone daktari wa masikio.

Na ukishuka zile ngazi 674 za Paris ukakuta mashavu ya miguu yanatetemeka bado, hata ukiwa umekaa kwenye benchi na hofu imebaki 1, usishtuke. Hiyo sasa ni misuli iliyochoka. Kunywa maji, na kesho utashuka kitandani kwa kujishika.