Dishi kuyumba ni nini hasa

Mtu akikopa hela ya kodi ya nyumba akaenda kununua simu, mtaani watasema dishi limeyumba. Hakuna asiyeelewa. Lakini muulize huyo aliyesema: dishi lenyewe likiyumba huwa limefanya nini? Atakuonyesha kwa mkono kwamba limegeuka, linatazama kwa jirani. Mimi nafunga madishi kwa kupenda tu, siku za mapumziko, na naweza kukwambia kwamba dishi lililoyumba kweli, ukilitazama toka chini, mara nyingi huoni kitu.

Setilaiti za matangazo zimekaa juu ya ikweta, kimo cha kilomita 35,786 hivi. Huko zinazunguka sawasawa na mzunguko wa dunia, kwa hiyo kwetu huku chini ni kama zimegandishwa mahali pamoja. Ndiyo maana dishi linaelekezwa mara moja, nati zinakazwa, basi. Kila setilaiti hutajwa kwa digrii zake, yaani longitudo ya pale ilipo juu ya ikweta. Azam wako digrii 7 mashariki, DStv ya Afrika Mashariki iko digrii 36 mashariki. Pita mtaa wowote wa Dar es Salaam utayaona madishi mawili kwenye ukuta mmoja, moja limeelekea magharibi na jingine limeinua uso kama linasubiri mvua. Hilo la pili ni la digrii 36, ambayo kwa Dar iko karibu na utosi, kama digrii 81 kutoka usawa wa ardhi. Macho yatakudanganya kwamba limeinuka pungufu ya hapo, kwa sababu madishi mengi ya nyumbani ni ya mkato wa upande: LNB, yaani kile kichwa cha mbele kinachopokea mawimbi, haikai katikati ya uso bali imeshuka chini. Dishi la namna hiyo linatazama juu kuliko linavyoonekana. Wanaojifungia wenyewe wengi hukwamia hapo, wakalizungusha kutwa nzima kwa kuliamini jicho.

Sasa kuyumba. Dishi halioni mbingu yote, linaona kipande chembamba. La sentimita 90 huona upana wa digrii 2 hivi, la sentimita 60 huona kama 3. Setilaiti ikiwa katikati ya kipande hicho, picha safi. Dishi la 90 likisogea digrii 1 tu, limekwisha kupoteza nusu ya nguvu ya mawimbi. Na digrii 1 ni nini? Kule juu ni zaidi ya kilomita 600. Huku kwako, ukipima kwenye kile chuma cha nyuma kinachobana mlingoti, ni kama milimita 2. Nati moja ikilegea, au bomba likipinda kidogo kwa upepo wa kusi, imetosha. Tena ona kichekesho: kadiri dishi lilivyo kubwa ndivyo linavyoona kipande chembamba zaidi. Anayenunua kubwa ili lisiyumbe amenunua linaloyumba upesi.

Jinsi ya kujua ni kuingia kwenye ukurasa wa king'amuzi wenye mistari miwili, nguvu na ubora. Watu hutazama nguvu, ikiwa 80 wanaridhika. Nguvu ni jumla ya kila kinachoshuka kwenye waya, pamoja na kelele ya LNB yenyewe. Kwenye ving'amuzi vingi hata ukilielekeza dishi ukutani mstari huo hauendi sifuri. Ubora ndio unaosema kama mawimbi unayoyataka yanasikika juu ya kelele. Dishi likiyumba, mstari wa nguvu huweza kubaki karibu palepale huku ubora ukiporomoka. Na matangazo ya dijitali hayafifii polepole kama zile chenga za zamani. Yanashikilia, yanashikilia, kisha picha inakatika vipande na kuganda. Ukiona nguvu nzuri na ubora sifuri kabisa, huenda umeshika setilaiti ya jirani: digrii 2 tu kutoka 7 mashariki ipo SES-5, na dishi halijui wewe umelipia ipi.

Mengi yanayoitwa kuyumba siyo. Picha ikipotea kwenye mvua kubwa na kurudi mvua ikikatika, dishi liko sawa; mawimbi hayo yana urefu wa sentimita 2.5 tu na maji yanayameza. Usipande juu kwenda kulisogeza, maana mvua ikiisha ndipo litakuwa limeyumba kweli. Baadhi ya chaneli zikipotea na nyingine zikabaki, anza na waya na LNB: king'amuzi hupeleka volti 13 au 18 juu kuchagua kundi la chaneli, na waya ulioingia maji pale kwenye kiungo unashindwa kufikisha hiyo 18. Na kabla ya yote, tazama kama kifurushi hakijaisha. Nimeshapanda ngazi kwa ajili ya hilo.

Kuna nyumba moja picha ilikuwa inaganda Jumamosi mchana, jioni inarudi. Fundi aliyetangulia alikuja saa kumi na mbili jioni mara mbili, akakuta ubora 75, akabadilisha LNB hata hivyo na kuchukua hela yake. Mama mwenye nyumba aliponiita nilimwomba nije saa sita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Haya, jionee mwenyewe, limeshayumba tena."

Ubora 20. Nikatoka nje na pimamaji, kifaa kilekile cha waashi, kwa sababu mlingoti usiposimama wima hakuna kipimo cha dishi kitakachokaa. Povu lilikuwa limekimbilia pembeni. Kwenye mlingoti ilikuwa imefungwa kamba, upande wa pili imefungwa kwenye mwembe, na katikati yananing'inia mablanketi mawili yaliyotoka kufuliwa, yanachuruzika maji.

"Mama, kamba hii ni ya lini?"

"Tangu wajukuu waje. Kwani nguo zinaingiaje kwenye TV?"

Nikamwomba aende akae mbele ya TV. Nikainua blanketi la kwanza, akapiga kelele toka ndani: "Imerudi!" Nikaliachia. "Imekufa!" Tukafanya hivyo mara tatu, mara ya tatu kwa kufurahia tu, halafu nikaihamishia kamba kwenye nguzo ya banda la kuku.