Kufuli la kivinjari halimjui tapeli

"Angalia juu kama kuna kufuli. Ukiliona, ingiza tu namba yako ya siri." Ushauri huu wanapewa mama na mashangazi zetu kila siku, tena na vijana wanaojua simu vizuri. Nia ni njema, ila maana imepinda.

Kwa kifupi, kufuli (au ile "s" ya https) linakwambia kwamba unayoandika yanasafiri yamesimbwa, aliye katikati hawezi kuyasoma, na kwamba kompyuta ya upande wa pili imeonyesha cheti (hati ya kidijitali inayothibitisha jina la tovuti) cha jina lile lile lililoandikwa pale juu. Basi.

Mwenye jina hilo ni nani, ni mkweli au mwizi, halisemi. Hapo ndipo watu wanaponichosha. Tapeli akisajili jina linalofanana na la benki yako, akachomeka kistari au herufi moja, atapata cheti halali kabisa cha jina lake hilo. Zamani vyeti vilinunuliwa, na bei yenyewe ilikuwa kizuizi kidogo. Mwishoni mwa 2015 shirika la Let's Encrypt likaanza kuvitoa bure kwa kila mtu: mashine inahakikisha kwamba anwani unayoiombea iko mikononi mwako kweli, na muda mfupi baadaye umepewa. Lilikuwa jambo zuri, tovuti ndogo zisizo na bajeti nazo zikapata ulinzi. Matapeli nao wakapanga foleni. Ni sawa na kifurushi cha basi: kikifungwa vizuri na kuandikwa jina, kitafika bila kuchokonolewa njiani, lakini kama jina lenyewe ni la mwizi, kimefika kwa mwizi.

Google wenyewe waliona tatizo. Utafiti wao wa 2021 ulikuta ni asilimia 11 tu ya walioshiriki waliojua sawasawa maana ya kufuli, na Septemba 2023 wakaanza kuliondoa juu kwenye Chrome, wakaweka alama ya vitelezi viwili. Kwa hiyo shangazi anayeambiwa atafute kufuli huenda asilione hata kwenye tovuti halisi ya benki yake, halafu aanze kuogopa palipo salama.

Kosa lina upande wa pili. Likitokea onyo kwamba muunganisho wako si wa faragha, nyumba nzima inasema simu imeingia virusi. Onyo hilo halizungumzii virusi. Linasema cheti kimeshindwa kuthibitika: huenda kimeisha muda (vya Let's Encrypt kwa kawaida huishi siku 90), huenda jina halilingani, huenda ni Wi-Fi ya hoteli inayotaka uingie kwanza kwenye ukurasa wake, na huenda kweli kuna mtu katikati. Kwenye simu za wazee, kwanza kagua saa. Betri ikiisha kabisa, simu nyingine huwaka ikidhani tuko miaka ya nyuma, na kila cheti kinaonekana hakijaanza kutumika. Dalili yake ni tovuti nyingi kugoma kwa mkupuo. Ingia kwenye mipangilio, ruhusu tarehe na saa zijiweke zenyewe, kisha fungua upya. Saa ikiwa sawa na onyo bado lipo, mzee asiandike neno la siri hapo. Ule ujanja wa "bonyeza tu uendelee" usimfundishe kabisa.

Ukurasa mwekundu mzima unaotaja udanganyifu au programu hatari ni habari nyingine. Huo unatoka kwenye orodha ya tovuti zilizokwisha kushukiwa. Arudi alikotoka.

Kwa hiyo wewe unayemwelekeza mama kwa simu, acha habari ya kufuli, mfundishe kusoma anwani. Atafute mkwaju (alama ya /) wa kwanza baada ya https://, kisha arudi nyuma kidogo: maneno yaliyo karibu na mkwaju huo ndiyo yanayomtaja mwenye nyumba. Jina la benki na .co.tz vikiwa mwanzoni, halafu ikafuata nukta na maneno mengine, hiyo si benki, hata kama kufuli lipo. Na kama kiungo kimekuja kwa meseji, asikibonyeze; afungue mwenyewe programu ya benki aliyoizoea.