Je, wajua kwa nini chuo cha ufundi cha Mombasa kina kuba na matao?

Ukifika Tudor, kisiwani Mombasa, utakuta jengo ambalo mgeni hulidhania msikiti au kasri: kuba, matao, baraza zenye kivuli. Kumbe hapo watu husomea umeme, ujenzi na mitambo. Ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, na sura hiyo kimeirithi kwa waasisi wake.

Enzi za ukoloni, shule nyingi za Kenya zilikuwa za wamisionari. Mzazi Mwislamu wa pwani alisita kumpeleka mwanawe huko, asije akabadilishwa dini. Alimpeleka chuoni, maana kwa watu wa pwani chuo, tangu hapo, ni mahali pa kusomea Kurani. Kijana akahitimu msahafu, lakini kazi za ufundi bandarini na kwenye reli zikamtaka masomo ambayo hakuwahi kuyapata. Hofu ya mzazi ilikuwa ya haki kabisa, na aliyeumia ni mtoto.

Mwaka 1945 Aga Khan wa Tatu, imamu wa Waismailia, alianzisha chama cha ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1948 ikatolewa hati ya kuunda MIOME, yaani Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa. Michango ilitolewa na Aga Khan mwenyewe, Mabohora (Waislamu wa Kishia wenye asili ya India), serikali ya Uingereza na Sultani wa Zanzibar. Sultani hakuwa mgeni hapa: ukanda wa pwani wa maili 10 ulihesabika kuwa milki yake, Waingereza wakiukodi, hadi 1963.

Ujenzi ukamalizika 1950, na wanafunzi wa kwanza wakaingia 1951. Jina lisikupoteze, kwani MIOME haikuwa madrasa. Ilikuwa shule ya ufundi, ya kijana kusimama mbele ya jiliwa, kile kifaa cha kubania chuma, akipiga tupa kipande cha chuma mpaka kinyooke, kisha adhana ikilia asiwe na haja ya kuomba ruhusa ya kwenda kuswali. Hilo ndilo lililomtuliza mzazi.

Mei 1966, Kenya ikiwa huru, milango ilifunguliwa kwa wa dini na rangi zote, na jina likawa Mombasa Technical Institute. Mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, jina ambalo wengi mjini hawajaliacha, ingawa tangu 2013 ni chuo kikuu kamili.