Chevelle ya 1970 ivae tairi gani?

Chevelle SS 454 ya 1970, gari la Kimarekani la Chevrolet, yenye injini ya LS6 ilitoka kiwandani na nguvu farasi 450, ikavishwa matairi ya F70-14. Ukiliweka tairi hilo kando ya la Prado ya leo, utacheka kwa wembamba wake. Ndiyo maana gari hizi zilikuwa hodari wa kufuka moshi: ukikanyaga mafuta, tairi za nyuma zinazunguka palepale.

Herufi F inaonyesha uwezo wa kubeba mzigo. E ni dogo kuliko F, G ni kubwa. 70 maana yake kimo cha ukuta ni asilimia 70 ya upana, na 14 ni inchi za ringi. Radiali, yaani tairi la kisasa, inayokaribia hapo ni 215/70R14.

Tofauti kubwa imejificha ndani. Tairi la zamani nyuzi zake zinapita mshazari, tabaka juu ya tabaka, zikipishana, kama zile tairi za nailoni ambazo wenye malori huku kwetu wanazijua vizuri. Mwaka 1967 Goodyear walileta Polyglas: mwili wa polista, na chini ya kashata, yaani sehemu inayogusa barabara, mkanda wa nyuzi za kioo. Mkanda ule ulituliza kashata, lakini ukuta ulibaki mgumu. Kwenye radiali nyuzi zinakatiza moja kwa moja toka ukingo hadi ukingo, ukuta unanyumbulika, na gari likilala kwenye kona kashata inabaki imeshika lami.

Kwa hiyo ukiendesha tairi za mshazari, usukani haukai kimya. Gari linafuata kila mfereji wa barabara, na likilala usiku kucha, asubuhi tairi zina ubapa. Utasikia mtetemo hadi zipate moto. Wapo wanaoupenda usumbufu huo. Mimi siupendi zaidi ya kilomita kumi.

Gari la maonyesho ni habari nyingine. Majaji wanasoma maandishi ya ukutani, na herufi nyeupe zisizo za mwaka wake zinakukata alama. Hapo nunua nakala: Kelsey Tire wa Missouri wanatoa Polyglas kwa leseni ya Goodyear. Tairi halisi la miaka ile liache stoo au juu ya gari lisilotembea, hata kama kashata yake haijaguswa, maana mpira wa miaka hamsini haufai barabarani. Gari la kutembelea livishe radiali yenye sura ya zamani. Coker Tire wa Chattanooga wanazo, hata zenye mstari mwekundu kama wa Pontiac GTO ya 1964.

Usichanganye radiali na za mshazari kwenye gari moja. Na ukihamia radiali, usimwachie fundi apige alaimenti kwa vipimo vya kitabu cha 1970, kwani viliandikiwa tairi za mshazari. Mwambie aongeze kasta, yaani mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia ulale nyuma zaidi kwa juu ukiutazama kwa ubavuni, ndipo gari litashika njia iliyonyooka na usukani kurudi wenyewe baada ya kona.